Programu Yenye Mteja Mmoja Mbulumbulu

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeikalia Karatu mjini na Dorkasi Gwandu anarekebisha kosa la programu alilolisababisha mwenyewe jana. Amejifunika blanketi, miguu iko kwenye beseni la maji ya moto, kompyuta iko mapajani. Haya ndiyo makao makuu ya kampuni.

Dorkasi, 27, ametengeneza programu ya simu ya kukodi matrekta na kombaini, mashine za kuvunia ngano. Kuitengeneza kulichukua miezi saba. Kuifanya imlishe kulichukua miaka miwili, na katikati hapo mama yake, Sabina, alishamtafutia kazi ya mapokezi kwenye loji moja njia ya Ngorongoro.

“Nilimwambia, mwanangu, kule utavaa sare na utakula mchana,” anasema Sabina. “Hapa unavaa blanketi.”

Wakapatana: mavuno ya ngano yakiisha na programu haijalipa kodi ya chumba, Dorkasi anavaa sare.

Wakati huo alimtoza kila mkulima shilingi elfu mbili kwa mwezi. Kata nzima ya Mbulumbulu, pamoja na ngano yake yote, alijiandikisha mtu mmoja tu, Modest. Huyo Modest akakodi kombaini mara arobaini ndani ya mwezi. Dorkasi akahisi utapeli, akamfungia akaunti, kisha akapanda bodaboda kwenda kumwona tajiri huyo.

Alimkuta kwenye benchi, juu mlimani penye mtandao. Shamba lake ni ekari moja na nusu. Mbele yake majirani wamepanga foleni kwa adabu ya zahanati, kila mmoja akisubiri akodiwe kombaini kwa simu ya Modest.

“Wewe ndiye uliyefunga?” aliuliza Modest.

“Ni mimi. Kwa nini kila mtu asijiandikishe mwenyewe?”

“Dada, mwenye kombaini ananiamini mimi. Simu haijui nani analipa na nani ana maneno mengi.”

“Fungua basi,” alidakia Lusia, mkulima aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. “Ngano yangu itanyeshewa nyie mkisalimiana.”

Dorkasi akafungua. Aliporudi mjini akabadili malipo yote. Mkulima halipi kitu. Mwenye mashine anakatwa asilimia tano kazi ikikamilika, na mtu kama Modest anapata sehemu yake humo. Wenye kombaini hawakununa. Zamani walichoma dizeli kutwa nzima wakitafuta wateja.

Mavuno yalipoisha, kodi ilikuwa imelipwa hadi Desemba. Sasa msimu wa kuvuna humpa kama laki tisa kwa mwezi, na miezi mingine laki tatu za kulima na kusomba mazao. Kazi ya loji alipewa binamu yake, Jackline, ambaye, kwa tathmini ya Sabina, sare imemkaa vizuri mno.

Mwakani Dorkasi anataka kufika kata ya Sale, wilayani Ngorongoro. Watengeneza programu wenzake wa Arusha wanamshauri aanze na matangazo. Yeye ataanza na swali.

“Nitawauliza, mkikwama na shamba mnamwendea nani?” anasema. “Wakimtaja, huyo ndiye mteja wangu. Wengine wote watakuja naye.”