Sahihi Kumi na Moja za Mama

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana hadi leo nikikaribia ofisi ya halmashauri yetu hapa Merrylands, huku ughaibuni, nainamisha kichwa kama mdaiwa anayepita dukani.

Mambo yalianza na jirani yangu Shangazi Bev, bibi wa miaka themanini na kitu, mwenyeji hasa wa nchi hii, wa ukoo uliokuwapo kabla ya meli za Wazungu (wazee wao huitwa shangazi na mjomba na kila mtu, kama kwetu, ndiyo maana nilimpenda). Kata yetu ina jina la bwana mmoja wa zamani asiyekumbukwa na yeyote, naye Shangazi alitaka ipewe jina ambalo watu wake hukiita kijito chetu, na alitaka akione kibao kwa macho yake. Sharti: sahihi mia moja za wapiga kura wa kata hii, kabla ya saa kumi na moja jioni ya Ijumaa. Alikuwa amekusanya themanini, mlango kwa mlango, na mkongojo wake. Nikajipiga kifua: "Ishirini niachie mimi, Shangazi. Jumapili moja tu, kanisani."

Fomu ilikuja na ukurasa mzima wa maelezo. Nikauona mrefu, nikauacha nyumbani.

Baada ya ibada fomu ikazunguka juu ya sahani za pilau, nami nahimiza tu, "Una uraia? Unakaa kata hii? Andika, andika!" na kila mtu akaandika kama tunavyoandika kwenye karatasi yoyote inayozunguka kanisani.

Ijumaa saa nane mchana nikaingia ofisini na Shangazi, nimevaa koti la harusi. Karani, dada mmoja mpole mwenye miwani, akafungua daftari la wapiga kura kwenye kompyuta, akasita, kisha akauliza kwa sauti, foleni nzima ikisikia:

"Samahani, huyu Mama ni nani? Ametia sahihi mara kumi na moja."

Nikachungulia. Mama Furaha. Mama Neema. Mama Pacha. Kina Baba nao saba, na wa kumi na tisa Papa Pasta, anwani yake "nyumba yenye geti la bluu".

"Hayo ni majina ya watoto wao," nikasema.

"Kwa hiyo waliotia sahihi ni watoto?"

Mzee mmoja kwenye foleni akacheka mpaka akakohoa. Shangazi Bev hakucheka. Alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Karani akatuhurumia: waje wenyewe, waandike upya majina yao ya daftarini. Nikatoka mbio kupiga simu.

"Mama Furaha, jina lako hasa ni nani?"

"Ee Baba Jeni, umelewa? Miaka sita unakula fufu yangu, leo ndiyo unaniuliza jina?"

"Nisamehe, dada. Kimbia halmashauri!"

"Niko kazini, namwogesha mzee wa watu!"

"Mkaushe haraka, uje!"

Na walikuja, wengine na sare za kuhudumia wazee, wengine na fulana za kung'aa za ghalani, Papa Pasta na ndala (na ndipo nilipojua Mama Furaha anaitwa Klementina). Ilipobaki dakika kumi walikuwa kumi na tisa, ofisi nzima inapiga makofi.

"Wa ishirini ni mimi," nikasema kwa maringo, maana mimi peke yangu niliandika jina kamili.

Karani akatafuta, akatafuta tena. "Bwana, wewe unapiga kura Quakers Hill."

Kweli tupu. Nilijiandikisha nikiwa kule, na tangu hapo nimehama mara tano (nikikaa mahali miaka miwili miguu inaniwasha) bila kubadilisha anwani hata siku moja.

Nikaigeukia foleni: wote wa kata nyingine. Saa ikafika. Tisini na tisa.

Mama Furaha akasonya. "Baba Jeni, nimemwacha mzee na sabuni masikioni kwa ajili ya hili?"

Shangazi Bev akaikunja fomu polepole, akaitia mkobani. "Tunaanza upya Jumatatu," akasema. "Na wewe, kijana, utabeba kiti changu. Kalamu hushiki."

Basi nabeba kiti. Anwani nimebadilisha, maelezo nayasoma hadi nukta ya mwisho, na mimi, mtu wa kuhamahama, nimeapa: sitoki kata hii mpaka kibao cha Shangazi kisimame, na mwenye nyumba akinifukuza nitapiga hema kijitoni.