Mshumaa wa Baba Mihayo

Miaka ishirini Febronia alipima macho katika hospitali moja ya misheni mkoani Shinyanga, na katika wagonjwa wote hao mmoja tu ndiye aliyemkosesha usingizi.

Ilikuwa mwaka wa themanini na moja. Sukari haikuonekana dukani, ila Baba Mihayo, mfugaji wa upande wa Kahama, alikuwa nayo ya kuzidi mwilini. Watu walimtania hivyo, naye akicheka pamoja nao. Jicho moja lilikwisha kufa. La pili lilikuwa na mtoto wa jicho mzito, hata daktari hakuweza kuchungulia nyuma yake. Akamwagiza Febronia apime kama huko nyuma bado kuna uhai: chumba chenye giza, tochi imulikwe kutoka kila upande, mgonjwa aonyeshe mwanga unakotokea. Akikosa, asipasuliwe.

Betri zilikuwa zimekwisha. Mtu mwenye akili angengoja. Febronia, kwa kiherehere chake, akawasha mshumaa na kuusogeza karibu.

"Mshumaa uko wapi, Baba Mihayo?"

Mzee akaonyesha kulia. Kushoto. Juu. Chini. Hakukosa hata mara moja.

"Utawaona tena ng'ombe wako," Febronia akamwambia, kisha akaandika kwamba nyuma ya jicho ni pazima.

Siku bandeji ilipofunguliwa, mzee aligeuza uso huku na huku, akauliza kama kumekucha. Daktari akachungulia, akatikisa kichwa. Ugonjwa wa sukari ulishaharibu kila kitu zamani, na kisu kilikuwa kimepita bure.

"Lakini mshumaa uliuona!" Febronia alisema.

"Kuuona? Hapana, mwanangu. Nilisikia joto shavuni. Uliuliza uko wapi, nikakuonyesha." Akapapasa, akiutafuta mkono wa Febronia. "Nisamehe. Kumbe nilijibu vibaya."

Hapo ndipo Febronia alipaswa kusema kosa ni lake. Badala yake akasema ni mapenzi ya Mungu, na aibu ya kumsingizia Mungu haikumtoka tena maishani.

Tangu siku hiyo alipima kwa tochi tu, akiishika mbali na uso, na betri zisipokuwepo alimrudisha mgonjwa nyumbani, hata anung'unike vipi. Lakini kila mwezi, mpaka mzee alipofariki, kondakta wa basi la Kahama alimletea kibuyu cha maziwa ya mgando na ujumbe uleule:

"Baba Mihayo anauliza kama umeshamsamehe."