Jeli ya Makongoro

Kitabu cha mapishi nilipewa na mwalimu wangu wa misheni, mama wa Kizungu, alipokuwa anafungasha kurudi kwao, miaka ile ya hamsini. Kilikuwa cha zamani hata kwake. Kilikuwa cha bibi yake. Mapishi yake vituko vitupu: mkate wa kuchemshwa ndani ya kitambaa, ulimi wa ng'ombe na zabibu. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya kati, Kiingereza nakisoma, na kiherehere kimenijaa.

Basi ikaja habari kwamba watu wa posa wanatoka Kalenga kuja kwetu Ilomba. Kijana mwenyewe alikuwa seremala hapo Mbeya mjini, nami nilimpenda kupita kiasi. Nasema wazi, nimeshazeeka, nani atanicheka. Nilitaka ndugu zake waone wamepata binti wa aina yake, nikachagua jeli ya makongoro.

Kitabu kilisema uchemshe miguu ya ng'ombe mpaka mifupa iachane, uchuje, utie sukari, ndimu, mdalasini na ute wa mayai pamoja na maganda yake, uchuje tena, kisha uache igande penye baridi. Bibi yangu aliyenilea aliposikia habari ya maganda aliniuliza, "Kwao hakuna jalala?" Akaenda zake shambani, hakutaka kuona zaidi. Baridi tulikuwa nayo ya bure, maana ilikuwa mwezi wa saba. Asubuhi niliikuta jeli imesimama bakulini, ukiigusa inatetemeka, nikacheka peke yangu kwa furaha.

Wageni walifika mchana, vumbi tupu. Basi lilikuwa limewalaza Chimala. Msemaji wao alikuwa baba mdogo wa kijana, mzee wa maneno machache. Anayeposwa hakai na wageni, kwa hiyo nilimwachia bibi kupakua, nikaenda kubadili nguo.

Sasa, kwetu mtu wa posa akipewa chakula cha baridi amejibiwa: arudi alikotoka. Mimi, akili yote kitabuni, nililisahau hilo. Bibi hakusahau. Alipofunua bakuli akakuta mchuzi wa makongoro umelala na kuganda, aliumimina sufuriani, akautia motoni. Niliporudi jikoni ulikuwa unatokota, na bakuli la kwanza limeshakwenda kwa wageni.

"Bibi, ule una sukari."

"Sukari kwenye makongoro? Wewe mtoto, unataka kuolewa au hutaki?"

Nikachungulia mlangoni, roho mkononi. Baba mdogo alipiga funda la kwanza, akalishusha bakuli. Nilijua akibakiza chakula cha upande wa binti, posa imekufa, na machozi yakanilenga. Akalitazama bakuli kama mtu aliyeandikiwa dawa. Kisha akanywa mpaka chini, akafuta masharubu, akasema, "Tumekula." Bibi, kwa kuona haya, akamwongeza. Akamaliza na hilo.

Nilipokwisha kuolewa, siku moja nilimwuliza baba mdogo aliwezaje.

"Mumeo alikuja kutupokea basini," alisema. "Alinishika mkono mbele za watu, mwanamume mzima analia. Akaniambia, 'Baba mdogo, chochote watakachokupa pale, maliza.'"