Shikamoo Ambayo Shangazi Hakuipata

Nilimtazama shangazi yangu usoni, hatua mbili tu kati yetu, nikampita bila kumwamkia. Ilikuwa Ijumaa saa kumi jioni, jua bado kali, mbele ya geti la hosteli za wanafunzi pale Mabibo. Ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne, mama yangu alipofariki. Mkononi alikuwa na hotipoti la wali na maharage. Alikuwa ameniletea mimi.

Habari hii imesimuliwa sana sokoni Tandale, na kila msimuliaji ameongeza chumvi yake. Kwa hiyo naiandika kama ilivyokuwa.

Shangazi anauza maharage Tandale. Miaka yote nimemwona nyuma ya magunia yake, kitambaa cheupe kichwani, miwani mikubwa puani. Siku ile alivaa buibui jipya, na miwani ilikuwa kwa fundi. Tena alinyamaza. Mkubwa hamwanzi mdogo salamu. Anasubiri shikamoo yake. Alisimama akaisubiri. Mimi niliona mama fulani mwenye hotipoti, nikadhani anamngoja mwanawe, nikavuka barabara kwenda dukani.

Niliporudi, mlinzi alinikabidhi hotipoti. Nililijua papo hapo kwa kamba nyekundu iliyofungwa kwenye mpini. Nikapiga simu, haikupokelewa. Siku ya tatu akapokea.

"Kawaamkie wasomi wenzako," akasema, akakata.

Wakati huo hata mimi sikujua nina nini. Shule ya msingi niliwajua wenzangu kwa madawati waliyokalia. Mwalimu akiwahamisha, napotea wiki nzima. Watu niliwatambua kwa sauti, kwa mwendo, kwa jino lililovunjika. Nilidhani kila mtu hufanya hivyo, ila wenzangu wana bidii zaidi. Mtaani niliitwa mwenye maringo. Nilizoea.

Wiki mbili baadaye, mwalimu wetu wa saikolojia alitundika ukutani picha za nyuso za watu maarufu nchini, nywele na masikio yamefunikwa. Darasa zima lilitaja majina kwa kelele na vicheko. Mimi niliona macho, pua na mdomo, kisha tena macho, pua na mdomo. Sikupata hata mmoja.

Mwalimu akaeleza kwamba jicho hukusanya mwanga tu. Kazi ya kuugeuza mwanga huo kuwa mtu, kiti au maharage ni ya ubongo. Na kwa nyuso, alisema, kuna sehemu ya ubongo iliyo upande wake wa chini, kwa nyuma, hasa kulia, inayoshughulika nazo zaidi. Wapo watu ambao sehemu hiyo ni dhaifu tangu kuzaliwa. Macho yao ni mazima, kumbukumbu nzima, akili nzima. Wanauona uso, ila uso hauwaambii ni nani.

Niliacha kuandika. Kipindi kilipokwisha sikwenda kula. Nilikwenda Tandale.

Shangazi alikuwa mahali pake, kwa hiyo nilimjua. Nikapiga magoti mbele ya magunia.

"Shikamoo shangazi."

Akaendelea kuchambua maharage. Jirani yake, muuza dagaa, ndiye aliyejibu: "Marahaba, bosi! Leo umetuona? Au tukuletee darubini?"

Nikamweleza shangazi yote, huku yeye hanitazami. Nilipofika kwenye ubongo, muuza dagaa akaguna. "Hee! Nyie wa chuo mna ugonjwa kwa kila kosa."

Nikachota maharage kiganjani. "Shangazi, humu kuna aina ngapi?"

Akatupa jicho. "Tatu. Na hiyo moja ni ya mwaka jana."

"Mie naona maharage mekundu tu. Macho yetu yanaona kitu kilekile, lakini kichwa chako kinayatenganisha. Kwangu nyuso ziko hivyo."

Kwa mara ya kwanza alinitazama. Kisha akasema, "Haya, geuka ukutani."

Jaribio alilipanga mwenyewe, na sikuwahi kuona mtafiti mkali kama yeye. Aliwaita wanawake watatu wa sokoni, akawa wa nne. Walikaa juu ya magunia ili nisione mwendo wao, wakajitanda khanga mpaka kwenye nyusi, wakaficha mikono, wakavua kandambili. Yeye akavua miwani. Muuza dagaa alikataza watu kuongea.

Niligeuka. Nilizitazama sura zile moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu, nikiwa nimedhamiria kufaulu. Kisha nikainama mbele ya wa pili. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu!" akaitika, na soko likalipuka. Alikuwa binti wa rika langu, muuza nyanya.

Shangazi, aliyekuwa wa nne, hakucheka. Alivaa miwani taratibu.

"Kwa hiyo siku wakinilaza kwenye sanda, wakikufunulia uso," akasema, "hutajua ni mimi."

Akanifungia kilo mbili za maharage, akanifukuza kwa upole, akisema giza litanikuta njiani.

Tangu siku ile anapokea simu zangu. Lakini getini hajarudi, na ninachotaka ni arudi, nimwamkie mbele ya watu. Nimeanza daftari. Nimeandika anavyosimama akiegemeza uzito mguu wa kushoto, anavyobana mkoba kwapani, kidevu anavyokiinua akisubiri salamu. Kila Ijumaa saa kumi nakaa kwenye benchi la mlinzi, na kila mama anayepita anapata shikamoo yake. Wengi huitika na kuniombea heri.

Ijumaa iliyopita, mama mmoja mwenye buibui alisimama ng'ambo ya barabara, kidevu juu. Nikainuka. Lori la ndizi likapita kati yetu, na lilipomaliza kupita alikuwa anaingia kwenye bajaji. Nikapiga simu.

"Shangazi, leo ulikuja Mabibo?"

Nyuma yake nilisikia honi.

"Kwani wewe ulimwona nani?" akauliza.

Mpaka leo hajaniambia.