Kikapu cha Kiangazi cha Mama Ndoo

Mwanamke anayeweza kukimbia na ndoo tatu za maji, maua yakiwa ndani, asimwage hata tone, huyo si wa kuchezea. Huyo ndiye Mama Ndoo. Miaka tisa ameuza maua kwenye baraza la benki, na miaka hiyo yote askari wa manispaa wamemfukuza mpaka wamemzoea. Kuna mmoja mwenye huruma alikuwa akipiga filimbi mapema kidogo ili mama apate kuanza mbio. Lakini miguu nayo huchoka. Mwaka huu goti la kushoto lilianza kumsaliti. Ndoo zilikamatwa mara mbili, na mara ya pili hata yeye mwenyewe alikamatwa, akapandishwa gari huku ameshika shada la mteja aliyekuwa bado anasubiri chenji.

Basi manispaa hiyo hiyo, haina haya, ikabandika tangazo: shindano la kikapu cha kiangazi, maua yawe yameoteshwa mtaani, si yale yanayoshushwa na ndege yakiwa kwenye barafu. Mshindi angepewa kibanda kwenye lango la bustani ya mji, chenye kibali na kufuli. Mama Ndoo alilisoma tangazo mara nne, ya nne kwa sauti.

"Kibanda, mzee!" alimwambia mumewe. "Chenye paa! Nitauza nimekaa!"

"Hongera," alisema mumewe, na papo hapo akaingiwa na wasiwasi, maana alijua swali linalofuata.

Mumewe alikuwa karani wa mahakama, na mpaka leo, miaka sita baada ya kustaafu, watu humwita Karani. Siku aliyokabidhi majalada ndiyo siku aliyoanza kuotesha zinia nyuma ya nyumba. Jamani, zinia zile! Nyekundu, za machungwa, za waridi, kila ua upana wa kisahani. Kila asubuhi huzipitia na daftari, akaziita moja moja kwa majina, akaandika nani amechanua na nani ana mdudu. Kukata? Thubutu. "Ua likikatwa ni marehemu," husema. "Wewe, mama, unauza marehemu." Ndivyo walivyoishi miaka yote, mmoja anauza, mwenzake anaomboleza, na chakula wanakula sahani moja.

Mama Ndoo alianza kwa upole, na chai ya maziwa.

"Kumi tu, mume wangu. Zile za nyuma."

"Za nyuma ndizo zinazojitahidi zaidi."

"Tano."

"Mama, si bora ungeniomba figo?"

"Figo lako nikaliweke kikapuni?"

Hakupata hata moja. Mama Ndoo akanyamaza, na mke akinyamaza hivyo, mwenye akili hujiuliza. Siku ya shindano alitoka alfajiri bila kuaga, akazunguka mtaani kuomba. Fundi viatu akampa alizeti tatu. Mwalimu wa jirani akampa asumini. Mke wa kinyozi akampa waridi mbili zenye matundu ya viwavi, na rihani tele, maana rihani hakuna anayeinyima.

Kwenye bustani ya mji, kulikofanyika shindano, alitandika nailoni ndani ya kikapu, akaweka sifongo iliyolowa, akapanga kama anavyojua: marefu nyuma, asumini ikining'inia ukingoni, na katikati... Katikati palikuwa na shimo. Pale ndipo ua kubwa lenye rangi hukaa, na yeye hana. Akajaza rihani. Akarudi nyuma hatua mbili kutazama.

"Shoga, unauza mboga?" aliuliza Bibi Mapambo, anayepamba kumbi za harusi. Yeye kikapu chake kilikuwa waridi tupu, zimebanana vizuri mpaka zinaudhi.

Mama Ndoo alitabasamu kwa meno tu. Moyoni alishaona kibanda kinakwenda na maji.

Shindano liliitishwa saa tatu. Saa nne mwenyekiti wa manispaa hajafika. Saa tano hajafika, na jua la kiangazi halina adabu. Alizeti za fundi viatu ziliinamisha vichwa, waridi za mke wa kinyozi zikaanza kupukutika.

Ndipo lilipoingia toroli. Nyuma yake Karani, kavaa suruali yake ya mahakamani, tope mpaka magotini. Ndani ya toroli, kwenye magunia yaliyolowa, zinia.

"Umezikata!" Mama Ndoo alishika kifua.

"Nani kakata? Nimezing'oa. Na mizizi yake na udongo wake. Kumi na nne."

"Na bustani yako?"

"Ina mashimo kumi na manne." Akafuta jasho. "Nimekuta kiti chako kitupu. Miaka thelathini na mmoja hujawahi kutoka bila kuniaga. Nimeziita zinia majina, nikajikuta naita lako."

Mama Ndoo alichukua mkasi.

"Ukikata, narudi nazo nyumbani," alisema Karani.

Haya! Ikabidi sifongo itolewe, udongo uingie. Mama Ndoo hajawahi kupanda hata kitunguu, na mumewe hajawahi kupanga hata viatu mlangoni. Karani alitaka zinia zikae kwa mstari kufuata tarehe za kuota. Mama Ndoo alitaka ndefu katikati. Waligombana mbele za watu dakika ishirini, mikono yote minne udongoni, na ndefu zikakaa katikati.

Mwenyekiti alifika saa saba na nusu, eti kikao kilirefuka. Akapita mbele ya vikapu vyenye maua yaliyolala chali. Alipofika kwa Bibi Mapambo, waridi moja ilimdondokea kiatuni. Kwa Mama Ndoo akasimama, maana zinia zilikuwa zimesimama pia, zinamtazama.

"Hicho si kikapu, mheshimiwa, hilo ni shamba!" alipiga kelele Bibi Mapambo.

"Kanuni ya tatu ya tangazo," alisema Karani, kwa sauti ambayo mahakama haijaisikia kwa miaka sita. "'Maua yaliyooteshwa mtaani, yapangwe kikapuni.' Neno kukata halimo. Nimelitafuta mara mbili."

Mwenyekiti alicheka, akamkabidhi Mama Ndoo ufunguo wa kibanda. Vigelegele vikapigwa. "Na kikapu cha mshindi," akaongeza, "kinabaki ofisini kwangu."

Karani alikauka. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye zinia ya machungwa ukabaki pale. Mama Ndoo alimwona. Kibanda alikitaka, Mungu anajua alivyokitaka, lakini alinyoosha kiganja chenye ufunguo.

"Basi chukua, mheshimiwa. Turudishie maua yetu."

Karani akakifumba kiganja kile kwa mikono yake miwili yenye tope.

"Acha ujinga, mama. Maua nitaotesha mengine. Wewe mwingine nitakuotesha wapi?"

Mama Ndoo alilia pale pale, mbele ya Bibi Mapambo, na kwa hilo hajamsamehe mumewe mpaka leo.