Mkutano wa Kunisikiliza

Mkutano mkuu wa kijiji ulinifukuza siku ambayo nilikuwa Rutamba, kumzika dada yangu. Niliporudi, mwenyekiti alinikuta njiani akaniambia nisishushe mzigo. Ng'ombe wa wafugaji wageni walikuwa wamekula ufuta wa watu, na kwa kuwa walinyweshwa kisimani kwangu, ikaonekana mimi ndiye niliyewaita.

Nilikaa kwa mwanangu Lindi mpaka Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi. Jaji hakusema kama nina kosa au sina. Alisema Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, na mimi sikusikilizwa. Kwa hiyo uamuzi wa kijiji aliufuta. Kijiji kikitaka, kiniite na kuanza upya.

"Alhamdulillahi," nilisema.

Wakili wangu akanishika mkono. "Umeshinda, mzee wangu. Rudi nyumbani ukapumzike."

Nyumba niliikuta salama. Watoto niliokuwa nikiwafundisha Kurani ndio hawakurudi. Msikitini salamu yangu iliitikiwa, maana kuitikia ni wajibu, kisha kila mtu akatafuta viatu vyake. Siku nyingine sikusikia sauti ya mtu zaidi ya hiyo. Nilisoma peke yangu barazani, nikapika ugali wa mtu mmoja, ambao sijajua kuupima tangu mke wangu afariki.

Mwishowe nikamwendea mwenyekiti, nikamwomba aitishe ule mkutano.

"Mzee, kesi imekwisha. Nani anakudai kitu?"

"Hawajanisikia."

Akacheka. "Sijaona mtu anayebembeleza ashitakiwe!"

Aliuitisha. Walikuja yeye, mtendaji wa kijiji, na jirani yangu wa shamba, mjane ambaye ufuta wake uliliwa wote. Tulingoja hadi jua likatufuata kivulini. Mtendaji akasema akidi haijatimia, tutapanga siku nyingine inshallah.

"Nendeni ninyi," alisema jirani. "Mimi nimeacha palizi nije kusikia. Haya, Mwalimu, sema."

Nikasema. Wafugaji sikuwaita. Walifika na watoto waliokauka midomo, nikawapa maji, na wakirudi na kiu nitawapa tena. Walipotoka kisimani sikujua wanaelekea wapi.

Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Na ng'ombe uliwapa?"

"Niliwapa."

"Shamba langu unalijua lilipo."

"Nalijua."

"Basi ungetuma mtu aniambie wapo, nikalale huko."

"Hilo halikunijia, mama."

"Haya. Nimekusikia. Lakini ufuta wangu bado unaniuma."

Akajifunga kanga vizuri, akashika njia. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake. Sote wawili tulikuwa tunaelekea upande mmoja, lakini hakuningoja, nami sikumwita.