Siku Mama Alipohesabu Migomba

Mimi ni mwoga, wala sioni aibu kusema. Barua ya serikali ikifika nyumbani, hata iwe ya chanjo ya mbuzi, naiacha mezani siku mbili kabla ya kuifungua. Ndiyo maana mama aliponipigia simu dukani kwangu Kijenge, akasema wathamini wamepita kijijini kwetu Akheri, kwamba barabara itapanuliwa na nyumba na shamba vinachukuliwa, nilifunga duka mteja akiwa bado anachagua kitenge.

"Uliwaambia nini?" nilimuuliza nilipofika.

"Niliwakaribisha loshoro, wakala wakashiba. Vijana wazuri, wana adabu, wameniamkia vizuri."

"Mama, waliuliza nini?"

"Migomba mingapi, mibuni mingapi. Nikawaambia ni vitu vichache tu, vya kusogezea siku."

Jamani! Nilikaa chini pale pale. Katika malezi ya mama, mali haihesabiwi mbele ya mgeni. Ukiulizwa ng'ombe, unasema yupo mmoja wa maziwa. Watoto ndio kabisa: "Wapo, Mungu anawatunza," basi. Ukitaja idadi unaita husuda, na husuda ikishaingia uani, kifo nacho kinajua njia. Wale vijana walikuwa wamechoka, mvua inakuja, wakaandika kama alivyosema. Shamba lililonisomesha likawa vichache. Kwa fidia ile mama asingepata hata mahali pa kujenga choo, na umri wake si wa kuanza upya ugenini.

Nilikwenda ofisi ya ardhi kupinga. Mtaani walikuwa wanasema ukibishana sana faili lako linawekwa kando, hulipwi kabisa. Kweli au uongo, sijui, hofu haiombi ushahidi. Dada wa mapokezi, mdogo kwangu, nilimwamkia shikamoo kwa kuchanganyikiwa. Akacheka, lakini walinisikiliza. Walisema mthamini atarudi, na safari hii mwenye shamba ahesabu mwenyewe, mtendaji wa kijiji akishuhudia.

Siku mthamini aliporudi, mama aliogopa kuliko mimi.

"Nihesabu? Tukija kuzika mtu hapa, utanisaidia kulia?"

"Usipohesabu watakutoa mikono mitupu, mama."

Alikaza khanga kiunoni, akatoka.

Alihesabu akigusa kila mgomba, kwa sauti ya chini, kama vile kuna mtoto amelala karibu. Mimi ni msomi, kanisani sikosi, lakini kila namba ilipomtoka niliwaza wanangu walioko shuleni, nikawa naomba kimoyomoyo: Bwana, hii usiisikie, na hii usiisikie. Mthamini alikuwa binti mwenye buti za mvua. Aliandika bila kumharakisha.

Tukafika nyuma ya nyumba, penye makaburi.

"Na haya tunayaandika, mama," binti alisema taratibu. "Kuna gharama za kuwahamisha."

Mama akagusa kaburi la bibi. Akagusa la baba. Halafu akasogea kwenye nafasi iliyobaki kati ya baba na masale, ile mimea ya mpakani. Nyasi za pale alikuwa akizifyeka mwenyewe miaka yote, na mimi nilidhani ni usafi tu.

"Na hili," akasema.

"Hapa hakuna kaburi, mama."

"Ni langu."

Binti akamtazama mtendaji. Mtendaji akatazama viatu vyake.

"Samahani sana, mama yangu. Pasipo na mtu hatupathamini."

Mama hakubishana naye. Alinigeukia mimi, na machoni mwake niliona hofu ambayo sikuwahi kuiona hata siku tulipomzika baba.

"Umenifanya niwahesabie vyote," alisema. "Sasa mtanilaza wapi?"